Namna ya Kubuni Sinema ya Kale ya Hollywood Ambayo Haijawahi Kuwepo

Sinema ninayokusudia kuieleza hapa haihitaji kamera, waigizaji wala shilingi moja ya bajeti, kwa kuwa haitapigwa kamwe. Makao yake ni ukurasa mmoja au miwili: jina, mwaka, muhtasari wa kisa, maneno ya bango, na mazungumzo machache ya kuonjesha. Msomaji akifika mwisho anatakiwa acheke, lakini kabla ya kicheko anatakiwa asite kidogo na kujiuliza kama hakuiona sinema hiyo zamani, katika kibanda cha video cha Kisenyi au cha Mbale, akiwa amebanwa kwenye benchi na mtu mrefu amemkinga mbele. Kusita huko ndiko ugumu wa kazi hii. Kicheko hufuata chenyewe.

Kosa la wanaoanza ni kutia kichekesho kila mahali. Stelingi anakuwa mpumbavu, adui anakuwa mpumbavu, farasi anasema, na mwishoni kila mtu anateleza kwenye ganda la ndizi. Ukurasa wa namna hiyo huchosha upesi, kwa sababu mahali ambapo kila kitu kimepinda hakuna kilichonyooka cha kupimia. Sinema za Hollywood za miaka ya 1930 hadi 1950 zilijengwa kwa kanuni ngumu, nyingine zimeandikwa na nyingine za mazoea, na mzaha mzuri huzifuata zote kwa unyofu wa mtu anayeapa mahakamani, kisha huruhusu kitu kimoja cha kwetu kiingie na kukataa kutii. Nasema kimoja kwa makusudi. Ukiona kimeingia cha pili, kitoe na ukiweke akiba kwa ajili ya sinema nyingine.

Kanuni kabla ya mzaha

Kanuni iliyo rahisi kuipata ni ile iliyofahamika kwa jina la Will Hays, mkuu wa chama cha studio za Marekani, ambayo studio kubwa za Marekani ziliikubali mwaka 1930, zikaanza kubanwa nayo kikwelikweli mwaka 1934, na ambayo ilidumu hadi mwaka 1968, nafasi yake ilipochukuliwa na utaratibu wa kupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Ilitaka uhalifu usionekane kuwa na faida, mabusu yasirefushwe kwa tamaa, na watumishi wa dini wasifanywe vichekesho wala wabaya wa kisa. Kwa mwandishi wa Kampala sharti hilo la mwisho ni hazina. Mweke mchungaji anayeuza chupa za maji ya upako kando ya barabara, mpe mwanga laini usoni na kwaya nyuma yake, usimseme kwa neno baya hata moja, na kila anapopokea noti mwonyeshe akiinua macho mbinguni kwa unyenyekevu kamili. Hukumdhihaki mtu; umetii kanuni, na msomaji atajua mwenyewe la kufanya.

Kanuni za mazoea utazipata kwa kutazama sinema zenyewe ukiwa na daftari. Andika mambo madogo yanayoonekana: nani anavua kofia na nani haivui, mvua inaanza lini, simu inalia mara ngapi kabla ya kupokelewa, mwanamke anaingia kupitia mlango gani na muziki unabadilika vipi anapoingia. Mambo ya ndani, kama vile upweke wa binadamu na maana ya maisha, yaache, kwa kuwa hayo yako katika kila sinema na hayamkumbushi mtu sinema yoyote.

Kumbuka pia kwamba unaiga kile watu wanachokikumbuka, ambacho mara nyingi hakilingani na kilichomo. Watu wengi duniani wataapa kwamba katika Casablanca, sinema ya mwaka 1942 iliyoigizwa na Humphrey Bogart na Ingrid Bergman, yupo anayemwambia mpiga piano, “Ipige tena, Sam.” Maneno hayo, kwa mpangilio huo, hayasemwi na yeyote mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo usijitese kwa usahihi wa mtaalamu. Tumia ukungu, koti refu, sauti ya chini na kuagana kwenye uwanja wa ndege, maana hayo ndiyo yaliyobaki vichwani, na mwenye kuyaona atajaza mengine.

Mfano mmoja kwa urefu

Tuichukue hiyo hiyo Casablanca, kwa kuwa mifupa yake inajulikana hata na watu ambao hawajaitazama. Yupo mwenye baa mwenye uchungu wa zamani. Yupo mwanamke aliyemwacha, ambaye anaingia siku moja akiwa na mume anayesakwa kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa. Zipo hati mbili za kusafiria, na mwishoni mwenye baa anawapa wenzake hati hizo, anamwambia mwanamke maneno ya kishujaa, na ndege inaondoka katika ukungu. Inafaa kujua, kwa ajili ya kujipa moyo, kwamba kisa cha Moroko kilipigwa karibu chote ndani ya studio ya Burbank, California, na kwamba ndege iliyoonekana nyuma ya wapenzi wale ilikuwa mfano mdogo, ikazungukwa na watu wafupi waliovaa kama mafundi ili ionekane kubwa. Ikiwa Hollywood yenyewe ilibuni Afrika kwa mbao na moshi, wewe huna sababu ya kuona haya kubuni Hollywood kwa kalamu.

Sasa hamisha kisa kizima mpaka Busia. Baa iko hatua chache kutoka mpakani, mwenye baa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri, na hati mbili za kuvukia zina saini ambayo hakuna askari anayethubutu kuihoji. Usibadilishe neno la uchungu wake, usimfanye mume kuwa mwoga, usimpe mwanamke tabia ya kuchekesha. Kila kitu kibaki kizito. Kitu kimoja tu kibadilike: badala ya ndege, wanandoa hao wanaondoka kuelekea Kampala kwa taksi ya abiria 14, na kama kila mtu ajuavyo, taksi haiondoki mpaka ijae.

Angalia kanuni inavyoanza kuteseka. Mwenye baa anatoa hotuba yake ya kuaga, ambayo ni nzuri na inaliza. Mwanamke anapanda, anaketi dirishani, ukungu unapita, muziki unapanda. Kondakta anatangaza kuwa bado watu watano. Hotuba imekwisha. Mwenye baa hawezi kuondoka, kwa sababu stelingi hamwachi mpenzi wake kituoni kabla gari halijaondoka, na hawezi kuirudia hotuba, kwa sababu maneno kama yale husemwa mara moja. Wanatazamana. Baada ya robo saa anamuuliza bei ya nyanya upande wa pili wa mpaka. Mume, ambaye ni mtu mwema, anachangia kwamba nyanya zimepanda. Anapanda mama mmoja mwenye kuku, wamebaki wanne. Saa mbili baadaye wamebaki mmoja, hakuna anayekuja, askari wanaomsaka mume wanasikika kwa mbali, na njia ya kumwokoa mwanamke ni moja tu: mwenye baa apande mwenyewe akijaze kile kiti. Anapanda. Kujitoa kwake kote kunakuwa bure, anasafiri hadi Kampala akiwa amebanwa katikati ya mke na mume, na katika picha ya mwisho anaombwa amshikie mama kuku wake.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu ndani yake umo utaratibu wote. Taksi haikuletwa pale ili ichekeshe. Ilifanya vile inavyofanya kila siku. Jaribu kuongeza kwamba askari nao wanadai kitu kidogo, au kwamba umeme umekatika, uone jinsi kuku wa mwisho anavyopoteza thamani yake. Kwa bango niliandika: “Mapenzi yao hayakujua mpaka. Mpaka uliwajua.” Maneno ya bango yawe na uzito kupita kiasi na maana pungufu kidogo, kama mabango ya wakati ule yalivyokuwa.

Kuchagua aina ya sinema

Si kila aina ya sinema ya kale inatulipa sawasawa. Zile za wapelelezi na vivuli, ambazo wahakiki wa Ufaransa walizipa jina la sinema nyeusi mwaka 1946, zinatulipa vizuri mno, kwa sababu zinadai mvua katika kila tukio, na Kampala mvua ni udhuru unaokubalika na kila mwajiri. Mpelelezi wako anamsubiri shahidi chini ya taa ya barabarani, mvua inanyesha kama kanuni inavyotaka, na shahidi haji, kwa sababu mvua inanyesha. Mwanamke hatari haji. Muuaji naye amejikinga kwenye kibaraza cha duka la dawa akingoja ipungue. Sauti ya mpelelezi inaendelea kusimulia kwa huzuni juu ya jiji lisilo na huruma, ilhali jiji zima limesimama chini ya mabati likitazama saa. Kisa kinaweza kuchukua siku tatu za mwezi wa nne bila uhalifu wowote kutendeka, jambo ambalo bwana Hays angelipenda.

Sinema ya tajiri anayekufa akitamka neno lisiloeleweka, ambayo kila mtu anaikumbuka kutokana na Citizen Kane, kazi ya Orson Welles ya mwaka 1941, inafaa pia, ila uitumie kwa uangalifu kwa kuwa imeigwa mno. Yangu inamhusu tajiri wa Kololo anayekata roho akisema “gonja”. Mwandishi wa habari anazunguka kwa ndugu, na kila ndugu ana hakika: mmoja anasema ni neno la siri la akaunti ya benki, wa pili kwamba ni kiwanja cha Mukono, wa tatu kwamba ni mke wa siri. Katika picha ya mwisho, ambayo wao hawaioni, tunamwona kijana maskini kwenye soko la kando ya barabara la Namawojjolo, gonja, yaani ndizi ya kuchoma, mkononi, basi lake la Jinja likiondoka na mabegi yake yote.

Sinema ya nyimbo iache mpaka utakapokuwa mzoefu. Kanuni yake ni kwamba mtu anaanza kuimba ghafla mbele za watu na wapita njia wanajiunga naye, na katika stendi kuu ya taksi Kampala, ambako wahubiri, wauza dawa za panya na makondakta wanapaza sauti pamoja, hakuna atakayegundua kwamba wimbo umeanza. Ya matukio makubwa, yenye saa nne na mapumziko katikati, tunayo tayari na inaitwa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni. Gorila anayepanda ghorofa alichoka tangu mwaka 1933, na wa kwetu wa Bwindi ana heshima zake: mgeni hulipa dola 800 ili amtazame kwa saa moja, kwa hiyo kama angepanda jengo jijini angetaka kwanza kuona risiti za watu waliokusanyika chini.

Kuigeuza kamera

Iko njia ya pili ambayo mimi binafsi naipenda kuliko ya kwanza, na inatokana na deni ambalo Hollywood inalo kwetu. Katika sinema ya Tarzan ya mwaka 1932, iliyoigizwa na muogeleaji Johnny Weissmuller, tembo wa Asia walibandikwa masikio makubwa ya bandia ili wafanane na wa Afrika. Baadaye mambo yalibadilika kidogo. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston aliwaleta Bogart na Katharine Hepburn hadi Kongo na huku kwetu Uganda kupiga The African Queen, na Bogart akapata kwa kazi ile tuzo yake pekee ya Oscar. Hata hivyo wengi wa kikosi waliugua tumbo, na mandhari ya waigizaji kuingia majini yalipigwa ndani ya tangi la studio huko London. Kwa watazamaji wa Marekani, maji ya tangi yalikuwa Afrika tosha.

Basi igeuze kamera. Sinema yangu inaitwa Chanzo cha Mississippi, na mtindo wake ni ule wa safari za uvumbuzi ambao Hollywood iliupenda: ramani inaonekana, mstari mwekundu unatambaa juu yake, sauti nzito inaeleza juu ya nchi isiyojulikana. Bwana mmoja wa Jinja, mwenye kanzu na koti, anafunga safari kwenda kutafuta chanzo cha mto ule mkubwa wa Marekani. Wapagazi wake ni Wamarekani kumi na wawili wasio na majina, ambao huimba kwa sauti nene wanapobeba mizigo na hushtuka kwa pamoja wanapoona radi. Anafika ziwa Itasca, Minnesota, ambako mzee mvuvi anamweleza kwa adabu kwamba ziwa hilo lina jina na kwamba basi la watoto wa shule hufika pale kila Ijumaa. Mvumbuzi anamsikiliza kwa upole, anaandika katika daftari kwamba wenyeji ni wakarimu, kisha analipa ziwa jina la Ssenga, kwa heshima ya shangazi yake.

Yote hayo yanatakiwa yaonekane yamepigwa palepale Jinja, bila mtu kuvuka bahari. Nyati wa Marekani ni ng'ombe wa Ankole waliovishwa mawigi, na pembe zao ndefu zinaonekana waziwazi katika kila picha, lakini hakuna mhusika anayezitaja. Usishawishike kuongeza mhusika anayesema, “Lakini hawa si ng'ombe?” Tembo wa mwaka 1932 hakuna aliyewauliza masikio wameyatoa wapi. Kilichobadilika ni mtazamaji na mtazamwa, na hicho ndicho kitu kimoja tulichoruhusiwa.

Lugha ya wahusika

Mwandishi wa Kiswahili wa Uganda ana kifaa ambacho mwenzake wa Dodoma au Mombasa hana. Kiswahili hapa kwetu, ingawa Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, kwa muda mrefu kilisikika kutoka kinywani mwa mwenye bunduki, na hata leo wapo wanaotafuta kitambulisho mfukoni wakisalimiwa “habari ya leo”. Tumia hilo. Mpenzi anapomnong'oneza mpenziwe kwa Kiswahili sanifu chini ya mwezi, mwanamke anaweza kujibu kwa upendo wote, “Ndiyo, afande.” Mstari mmoja kama huo unatosha sinema nzima.

Jambo la pili ni VJ, mfasiri wa sinema vibandani. Katika vibanda vyetu sinema haikuachwa iseme peke yake. Mfasiri huyo alikuwa juu yake akieleza, akitania, akiwapa waigizaji majina ya mtaani na kuwatahadharisha stelingi juu ya mtu aliye nyuma ya mlango. Filamu ya Isaac Nabwana, Who Killed Captain Alex?, iliyotoka Wakaliga, mtaa wa Kampala, mwaka 2010 ilifika mbali duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, na wageni wengi waliipenda sauti hiyo kuliko risasi. Unaweza kumwingiza VJ katika ukurasa wako kwa kukatiza muhtasari na sentensi zake, ila basi yeye ndiye anakuwa kile kitu kimoja, na taksi lazima iondoke kwa wakati. Sauti yake iandike fupi, yenye haraka, na mara kwa mara isiyokuwa na uhusiano na kinachotendeka. Shujaa analia juu ya kaburi la mama yake. VJ anatangaza kwamba mwenye bodaboda iliyoziba mlango aje aitoe.

Majina ya watu halisi walio hai yaache nje, hata kama utani ni mwepesi. Wahusika wasio na majina, yaani mwenye baa, mwanamke, mume, kondakta, hufanya kazi vizuri zaidi, maana msomaji huwapa nyuso mwenyewe.

Kuijaribu

Ukimaliza, usimpe rafiki yako asome huku umemkodolea macho. Msimulie mtu kisa hicho katika mazungumzo mengine, kana kwamba ni sinema uliyoiona, na uangalie kama atakudai ushahidi.

Mimi nilifanya hivyo na sinema niliyoiita Saa 12 Kamili. Inaiga High Noon ya mwaka 1952, ambamo Gary Cooper anamngoja mhalifu atakayefika kwa treni adhuhuri, na saa za ukutani zinaonyeshwa tena na tena mpaka mtazamaji anatokwa na jasho. Katika yangu, mlinzi wa mji ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, katika kituo kidogo cha biashara kwenye barabara ya Mbarara, mwenye mhuri mfukoni mahali ambapo Cooper alikuwa na bastola. Wahalifu wanamwandikia barua ya Kiingereza kwamba watafika saa 12. Mwenyekiti anaisoma kama tunavyosoma saa sisi, anaamka gizani, na alfajiri anasimama peke yake katikati ya barabara, akiwa ameagana na mkewe. Hakuna anayekuja. Saa nne anarudi shambani kuangalia migomba yake. Adhuhuri wahalifu wanafika, wanaikuta barabara tupu, wanakula rolex mbili mbili, zile chapati za kukunja na mayai, wanamlipa mwuzaji na kuondoka wakiwa wamevunjika moyo. Jioni mwenyekiti anarudi tena, kwa kuwa barua haikusema ni saa 12 ipi. Nilimalizia hapo, na kivuli chake kirefu barabarani.

Mzee mmoja wa Mbale niliyemsimulia alinikatiza kabla sijafika kwenye kivuli. Alisema picha hiyo aliiona akiwa kijana, kwa ukuta uliopakwa chokaa na mashine iliyokatikakatika, na kwamba nimekosea mwisho. Kwa jinsi alivyokumbuka yeye, miezi ilipita, mtu mmoja wa kijiji jirani akafa, na mwenyekiti na wale wahalifu wakajikuta wameketishwa katika hema moja la mazishi, viti vinavyofuatana, kila mmoja akiwa na sahani ya matoke mapajani, na wakaulizana kwa heshima siku ile ulikuwa wapi. Nilimuuliza walijibizana nini. Akasema hapo umeme ulizimika. Nimeufuta mwisho wangu na kuuweka wake, pamoja na ule umeme.